Humu Mna Sentensi Tu

Kifutio kilimpiga Kitinda kifuani kabla hajakidaka, kikamwachia doa jeupe la chaki kwenye blauzi aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Mtu anayekula kwa kunyoosha nguo za watu hapendi kuchafuliwa mbele ya darasa, ila hakupata hata nafasi ya kununa. Mwalimu alikuwa ameshapaza sauti.

"Afraid!"

Hivyo ndivyo lilivyokwenda darasa lile la Kiingereza, kwenye chumba cha juu cha duka la magodoro. Mwalimu anakurushia kifutio na neno moja la hisia: glad, sorry, sure, angry, afraid. Ukidaka unasimama, unasema kwamba wewe ndiye mwenye hisia hiyo, unatia that, yaani kwamba, halafu unamalizia na jambo lenyewe. Nimefurahi kwamba. Nasikitika kwamba. Nina hakika kwamba. Kila that ilipofika, mwalimu aligonga meza kwa rula, na kwa sababu hiyo wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kwamba, naye akalipokea kama mtu aliyepewa cheo.

Kwa kawaida Kitinda alikuwa mtu wa mvua. Ukimpa afraid, anaogopa kwamba mvua itanyesha. Ukimpa glad, amefurahi kwamba mvua haikunyesha. Wenzake walikuwa wameshamchoka na hali yake ya hewa. Lakini siku ile doa la chaki lilimtia hasira kidogo, na hasira ikaufungua mdomo.

"I am afraid that," akaanza, rula ikagonga meza. Yaliyofuata nitakuwekea kwa Kiswahili, maana si wote tuliokaa kwenye madawati yale. Alisema: naogopa kwamba nitapelekwa mahali nisikotaka kwenda.

Darasa likamgeukia. Mvua imekwenda wapi leo?

"Safi kabisa!" Mwalimu Kwamba akasema. "Mmesikia? Sentensi ndefu, haina hata kovu. Kaa, binti."

Na kule nyuma, kwenye benchi la ukutani, dada yake akaweka chini uzi aliokuwa akifuma, akapiga makofi. Dada hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliletwa pale na familia kumsindikiza mdogo wake, ahakikishe kwamba ada haiendi bure na kwamba mwanafunzi hachepuki njiani. Alichosikia yeye ni sauti ya mwalimu ikisifu. Ikamtosha.

Kitinda alikaa. Kifua kilikuwa chepesi kuliko alivyokizoea. Alikuwa amelisema jambo lile kwa sauti, mbele ya dada yake mwenyewe, na dari haikuwaangukia.

Nikueleze alivyofika hapo. Kitinda si jina alilopewa na wazazi. Ni kifupi cha kitinda mimba, na ndilo lililobaki baada ya lile jingine kusahaulika kwa kutotumika. Dada alipojifungua, Kitinda alitolewa shule kwenda kumlelea mtoto, na mtoto huyo akafuatwa na wengine. Baba alipoanguka akawa hajiwezi, aligeuzwa kitandani na Kitinda, akaogeshwa na Kitinda, na alipokufa ni Kitinda aliyemfumba macho. Watu walikuwa wakisema, "Bora yeye, hana mume." Na mume angempata wapi, niulize mimi, mtu ambaye ujana wake wote umekwisha akichemsha maji ya kuogesha wengine?

Baada ya msiba alipata kazi kwa dobi. Akakabidhiwa pasi ya mvuke na makoti ya wakubwa, na ikaonekana kwamba ana mkono. Suruali ikitoka kwake, mkunjo wake ungeweza kukukata. Muda si mrefu akapanga chumba. Kilikuwa chumba kimoja, nyuma ya karakana ya baiskeli, chenye dirisha dogo na mlango wa mbao uliovimba, ukiufunga lazima uusukume kwa nyonga. Lakini ulifungika. Ndani humo, chai ikipoa, imepoa kwa sababu yeye mwenyewe ameisahau, hakuna mtu aliyemwita katikati ya kikombe. Jumapili aliweza kulala mpaka jua liingie miguuni. Familia ilikichukulia kile chumba kama mchezo. "Anacheza kipenzi wetu, mwacheni," walisema, kwa namna mtu anavyosema juu ya mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Halafu mke wa kaka yao akaondoka.

Kaka yao mkubwa alikuwa ng'ambo miaka mingi. Mkewe alimwacha na watoto watatu wadogo, na kazi yake inamtoa nyumbani kabla hakujapambazuka. Wazee wakakaa, wakazungumza, wakafikia uamuzi, na Kitinda akaitwa sebuleni kwa Mama baada ya uamuzi kufikiwa. Atakwenda yeye. Kaka atashughulikia karatasi zote. Kilichobaki ni mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza, kwani bila cheti hicho ofisi ya viza haimpi mtu ruhusa.

"Tumefurahi sana kwamba umepata bahati hii," alisema mjomba mmoja.

"Ni bahati, jamani. Wenzio wanaitafuta kwa udi na uvumba," alisema Dada.

Hakuna aliyemuuliza. Na yeye, niseme ukweli ingawa unaniudhi, alijibu, "Haya." Neno hilo lilimtoka lenyewe, kama linavyotoka kwa mtu aliyekanyagwa mguu na bado akaomba radhi. Alipofika chumbani kwake ndipo akalia, amejifunika mto ili mafundi baiskeli wasimsikie.

Sasa kuhusu lile darasa, kuna jambo moja lazima ulijue. Mwanzoni wanafunzi walikuwa wazito. Dereva mmoja wa lori, jitu la miraba minne, aligoma kabisa kusema amefurahi kwamba mama yake ni mgonjwa. "Mwalimu, nikifika nyumbani nikamkuta mgonjwa kweli, utanijibu nini?" Mwalimu Kwamba akaona kazi itamshinda. Akapanda juu ya kiti, akaandika juu kabisa ya ubao, mahali ambapo kifutio hakifiki: HUMU HAMNA UKWELI WALA UONGO, MNA SENTENSI TU. Ikawa sheria. Ukishasema, umesema sentensi. Hakuna wa kukuuliza ni kweli au si kweli, na hakuna ruhusa ya kushuka ngazi na sentensi ya mtu.

Sheria ile iliwafungua watu ndimi. Dereva akawa na hakika kwamba mwalimu ameiba mbuzi. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima anayejiandaa kwa mtihani uleule, alisikitika kwamba amemchanganya daktari wake na maiti akampeleka mochwari. Walicheka mpaka mwenye duka la magodoro akagonga dari kwa ufagio.

Na Kitinda, baada ya siku ile ya doa, akaacha mvua zake. Akaanza kusema.

Akirushiwa angry alisema: nina hasira kwamba mmeniamulia maisha yangu bila kuniita. Akirushiwa sad alisema: nina huzuni kwamba hakuna anayejua chai naipenda na sukari kiasi gani. Akirushiwa sure alisimama wima, akamtazama dada yake machoni kabisa, akasema: nina hakika kwamba wewe, dada yangu, usingekubali kwenda. Dada akatikisa kichwa kwa furaha, akamnong'oneza mtu wa karibu, "Unamsikia? Lugha inateremka kama maji."

Ilikuwa tamu. Tamu ya ajabu, ya mtu anayetukana nyuma ya mlango uliofungwa. Alikuwa akienda kwa dobi asubuhi, anasukuma pasi juu ya makoti, midomo ikicheza peke yake, anatunga sentensi za jioni. Na kwa sababu zilikuwa za kweli, hazikumponyoka. Mwenye kutunga uongo hutafuta maneno. Yeye maneno yalikuwa yakimsubiri mlangoni. Matamshi yakanyooka, woga ukaisha, sentensi zikarefuka. Mwalimu Kwamba akaanza kumtoa kama mfano mbele ya wageni.

Sasa unaona balaa inakotokea? Yeye hakuiona.

Aliyeiona ni yule muuguzi. Siku moja alimsubiri kwenye ngazi, Dada akiwa ametangulia chini kuulizia bei ya godoro.

"Mwanangu, najua haturuhusiwi," alisema taratibu. "Lakini mimi ni muuguzi. Mtu anapolalamika namjua, na mtu anapoigiza namjua. Unayoyasema mle ndani, ni sentensi tu?"

Kitinda akashika ukuta. Lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu yeyote amemuuliza tangu jambo lile lianze, na aliliogopa kuliko yote. Chini kulisikika sauti ya Dada akicheka na muuza magodoro.

"Ni sentensi tu, mama," akajibu.

"Haya. Ila ujue kwamba kila ukizisema vizuri, ndivyo unavyojifungia."

Alishuka ngazi akiwa na maneno yale kichwani, na usiku hakupata usingizi. Ni kweli. Kila alipokataa, alikataa vizuri zaidi. Na kila alipokataa vizuri, cheti kilisogea. Alikuwa anasuka kamba, anaipima shingoni kwake mwenyewe, na watu wanampigia makofi kwa jinsi anavyosuka.

Kesho yake aliwahi darasani kabla ya wengine. Mwalimu Kwamba alikuwa akifagia chaki sakafuni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina ombi."

"Marahaba. Sema, nyota yangu."

"Naomba umwambie dada yangu kwamba sijawa tayari. Kwamba nitaanguka mtihani. Waniache mwaka huu."

Mwalimu akasimamisha ufagio. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Lakini wema wake wote aliuweka kwenye Kiingereza, na huko kwingine hakukubaki akiba.

"Wewe uanguke? Binti, tangu nianze kufundisha hakuna mtu aliyetoka mvua akafika ulipofika wewe. Una hofu tu. Kila anayejua hujidharau."

"Mwalimu, sentensi zangu ni za kweli."

Alilisema jambo hilo kwa Kiswahili, waziwazi, wakiwa wawili tu. Mwalimu alimtazama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesikia. Kisha akageuza macho, akayapeleka juu ubaoni, kwenye yale maandishi yake.

"Mimi hayo siwezi kuyaingilia," akasema polepole. "Ya familia yenu. Nikianza kubeba sentensi za watu kwenda nyumbani kwao, nani atafungua mdomo humu tena?" Akaendelea kufagia. Na kwa upande wake alikuwa na hoja, hilo ndilo linaloudhi.

Basi Kitinda akapiga moyo konde: ataanguka mwenyewe. Atakwenda kwenye mtihani akae kama gogo. Akiulizwa jina, atajibu kwamba mvua itanyesha.

Siku ya mtihani Dada alimsindikiza mpaka mlangoni, akambusu kwenye paji la uso, akabaki nje na uzi wake. Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, kinasa sauti kidogo, na mtahini mwanamke mwenye miwani na sauti laini, sauti ya mtu ambaye kila siku anawatuliza wanaotetemeka. Alimkaribisha, akamuuliza ameamkaje. Kitinda akanyamaza kama alivyopanga. Mtahini akasubiri. Hakumharakisha, hakukunja uso. Akauliza tena kwa upole: niambie kuhusu safari yako, na unajisikiaje juu yake.

Unajisikiaje. Fikiria, mtu wa ofisi, mwenye muhuri, amekaa mbele yako, anaelewa kila neno utakalosema, dada yako yuko upande wa pili wa mlango, na ubaoni hakuna sheria ya mtu. Kitinda aliwaza: huyu ndiye. Huyu nikimwambia sitaki, ataandika kwamba sitaki. Hawawezi kumpa ruhusa mtu asiyetaka kwenda. Mpango wa kukaa kama gogo ukayeyuka palepale, na hata leo simlaumu. Mtu aliyekaa na kiu hivyo hawezi kupita kisimani akaangalia pembeni.

Akasema yote. Kwamba anasikitika kwamba kaka yake ameachwa, na ana uchungu kwamba watoto wanalia. Kwamba hata hivyo ana hakika kwamba hataki kwenda. Kwamba anaogopa kwamba akienda hatarudi tena kuwa mtu mwenye mlango wake. Kwamba ana hasira kwamba walimwita baada ya kuamua, na anaona aibu kwamba alijibu "Haya." Machozi yalikuwa yakimtoka na Kiingereza kikimtoka pamoja nayo, hakuna kilichomzuia mwenzake. Mtahini aliandika, akaitikia kwa kichwa, akaandika tena.

Alipomaliza, mtahini alimsukumia boksi la tishu. Macho yake mwenyewe yalikuwa na maji.

"Nimefurahi sana," alimwambia kwa Kiingereza chake laini, "kwamba umezungumza kwa moyo namna hiyo. Wengi hukariri."

"Kwa hiyo utawaandikia?" Kitinda akauliza. "Kwamba sitaki?"

Mtahini akavua miwani. "Mimi napima lugha tu," alisema, na ilionekana kwamba alisema kwa masikitiko. Akazima kinasa sauti, akamwita anayefuata.

Matokeo yalipotoka, Kitinda alikuwa amepata daraja la juu kabisa. Dereva wa lori alianguka.

Wakakusanyika sebuleni kwa Mama. Walikuwepo Dada na mumewe, mjomba, na watoto wa Dada waliolelewa na Kitinda tangu nepi, sasa wana ndevu za kwanza na simu mikononi. Katikati ya zulia palikuwa na sanduku jipya lililofunguliwa, bado linanuka duka. Dada alikuwa ameshapanga ndani masweta ya watoto wa kaka.

"Na chumba kile usihangaike nacho," alimwambia Kitinda huku akikunja sweta. "Nimepita kwa mwenye nyumba wako jana, nimemwambia unatoka mwisho wa mwezi. Amefurahi, ana mtu wa kuingia."

Kitinda akamgeukia. "Umepita lini?"

"Jana, nimekwambia. Kukupunguzia kazi, mdogo wangu. Si una mambo mengi?"

Kabla hajajibu simu ikaita, Dada akairukia. Alikuwa Kaka. Simu ikalazwa mezani, sauti ikafunguliwa kila mtu asikie, salamu zikazunguka chumba kizima. Kisha mume wa Dada, mtu wa mizaha, akasema: "Kitinda, hebu mwongeleshe kaka yako Kiingereza, tuone kama hela yetu haikuliwa na Mwalimu Kwamba!" Wote wakacheka, wakanyamaza, wakamtazama.

Akainama juu ya simu. Alijua kwamba chumbani mle hakuna atakayemwelewa, kwani wale vijana wenyewe Kiingereza chao kiliishia kwenye nyimbo; lakini upande wa pili yupo. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake: Kaka, nasikitika kwamba umebaki peke yako. Nasikitika kwamba siji. Hawajui, lakini nina hakika kwamba siji, na nimefurahi kwamba wewe unanielewa.

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtoto akilia mbali, na bomba la maji likimwaga. Halafu Kaka akajibu kwa Kiingereza, sauti yake imekauka. Alisema: najua kwamba hutaki. Naona aibu kwamba nakuhitaji. Naogopa kwamba peke yangu sitaweza, Kitinda, naogopa kweli.

Sebule nzima ilikuwa ikitabasamu. Waligeuza vichwa kutoka kwake kwenda kwenye simu, kutoka kwenye simu kuja kwake, wamefurahi jinsi watoto wao wawili wanavyopokezana lugha ya wenyewe.

"Anasemaje?" Dada akashindwa kuvumilia. "Kaka, tutafsirie, na sisi tufaidi!"

Kaka alikohoa. "Anasema," akaanza kwa Kiswahili, akasita. "Anasema amefurahi kwamba anakuja."

Makofi yakalipuka. Mjomba alisimama kabisa. Mume wa Dada akampiga Kitinda begani mara kadhaa, akisema hela haikuliwa, hela haikuliwa.

"Sikusema hivyo," Kitinda akasema.

Hawakumsikia. Akarudia kwa nguvu, na makofi yakafifia moja moja.

"Ulisemaje?" Dada akauliza, bado ana tabasamu.

"Nimesema siendi."

Dada akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko, na sidhani kama alikusudia ubaya. "Basi umekosea Kiingereza, mdogo wangu! Kaka yako amekaa huko miaka yote hiyo. Kama kuna mtu anayejua ulichosema, ni yeye."

"Na cheti wamempa kimakosa!" mumewe akadakia, na kicheko kikazunguka tena, safari hii chembamba, cha watu wanaotaka jambo liishe.

Kitinda hakucheka. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo. "Kaka," alisema kwa Kiswahili, "waambie nilichosema."

Alisikia pumzi zake. Alimsikia yule mtoto, sasa karibu zaidi, kama amebebwa.

"Kaka, nakuomba. Waambie."

Simu ikakatika.

"Mtandao," akasema Dada upesi.

"Mtandao mbaya siku hizi," akaitikia mjomba, na mume wa Dada akasema kwamba hata kazini kwake ni hivyohivyo, na mmoja wa vijana akainua simu yake juu kutafuta mtandao, ingawa hakuna aliyemtuma.

Ni Mama peke yake aliyenyamaza. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na tangu mwanzo hakupiga makofi, jambo ambalo katika kelele zile hakuna aliyeligundua. Alimwita Kitinda kwa mkono, akamkalisha kwenye mkono wa kiti.

"Mwanangu," alisema, bila kupaza sauti, lakini chumba kizima kilisikia, "mimi Kiingereza sikijui. Wewe nakujua. Nilijua hutaki tangu siku ile ulipojibu 'Haya.' Dada yako alijua. Wote humu tulijua."

Dada akainama kukusanya uzi ambao haukuwa umeanguka.

"Kwa nini hamkusema, Mama?"

"Kwa sababu tungesema, ingebidi aende mtu mwingine." Macho yalikuwa yamemjaa. "Haya, sasa tumesema. Watoto wa kaka yako wanalia, umewasikia kwa masikio yako. Usipokwenda wewe, aende nani?"

Kitinda aliwaangalia mmoja mmoja. Mjomba alikuwa akichunguza kifungo cha shati. Mume wa Dada alikuwa ameikodolea dari. Vijana, wale aliowabeba mgongoni, walikuwa na simu zao. Dada aliinua uso mara moja, na uso huo ulikuwa wa mtu anayeomba asitajwe. Kwa Kiingereza Kitinda angekuwa na sentensi tayari, ndefu, haina kovu. Kwa Kiswahili ilimbidi alitoe neno moja baada ya jingine, huku akimpenda mama yake na kumwonea huruma kaka yake na kuogopa.

"Sijui, Mama," alisema. "Mimi siendi. Tafuteni."

Hakuna aliyeondoka. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeutazama. Walikaa hivyo, wamelizunguka lile sanduku lenye masweta, hadi simu ilipoanza kuita tena juu ya meza, ikaita, ikaita, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.